Kilti ya Harry Lauder

Juma hili jioni zangu zote zimeishia kwa Harry Lauder, mwimbaji na mchekeshaji wa zamani wa Scotland. Rekodi zake zina mikwaruzo, na Kiingereza chake cha Kiskoti nakiambulia nusu. Lakini kile kicheko anachokiachia katikati ya ubeti kinaambukiza. Nimejikuta nacheka peke yangu sebuleni na sijui nimechekea nini.

Alizaliwa 1870 huko Portobello, kando ya Edinburgh, kifungua mimba wa watoto saba. Baba akafariki 1882, mama akahamia nao Arbroath, na Harry akaingia kiwanda cha kitani: leo kazini, kesho darasani. Kisha mji wa Hamilton, miaka kama kumi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1900 akashuka London kujaribu bahati kwenye kumbi za muziki, na bahati ikamwitikia.

Kinachonikera ni ile kilti, sketi ya wanaume ya Kiskoti. Wenzake wa Hamilton walishuka shimoni na suruali zao za kazi. Kilti ni vazi la watu wa milimani kaskazini. Yeye akapanda jukwaani na kilti, kofia na bakora iliyojipinda kama mzizi, akimwigiza Mskoti bahili ambaye kutoa senti ni sawa na kung'olewa jino. Waingereza wakavunjika mbavu. Marekani alizunguka zaidi ya mara 20. Mshairi wa Kiskoti Hugh MacDiarmid hakumsamehe kwa kuligeuza taifa zima kuwa kichekesho, na namwelewa. Hata huku kwetu, mchekeshaji akishika maiki na lafudhi ya Kichaga, au Mkikuyu na sarafu yake iliyoanguka, nacheka kama wengine, halafu nabaki na kitu kooni. Lauder angalau aliwauza watu wake mwenyewe. Au hilo ndilo baya zaidi?

Nilikuwa nimeshamhukumu, mpaka nikafika kwa John.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipotangazwa Uingereza tarehe 4 Agosti 1914, Lauder alikuwa Melbourne, Australia, kikazi, akitimiza miaka 44 siku hiyohiyo. Mwanawe wa pekee, John, alikuwa naye. John akaitwa kikosini, akawa kapteni, na tarehe 28 Desemba 1916 akauawa Pozières, Ufaransa. Telegramu ilimfikia baba yake London siku ya Mwaka Mpya, katikati ya msimu wa onyesho lake pale Shaftesbury Theatre.

Sisi matanga tunaanua siku ya tatu. Yeye siku ya tatu alikuwa amerudi jukwaani. Na ndani ya onyesho hilo kulikuwa na wimbo wa askari wanaorejea nyumbani, mama anambusu mwanawe. Akauimba.

Nimekaa na hilo usiku mzima. Nadhani Harry, baba yake John, asingeweza kutoka mbele ya watu usiku ule. Aliyetoka ni yule Mskoti wa kutunga. Kilti ile niliyoibeza ndiyo iliyomsimamisha.

Mwaka uleule wa 1917 alikwenda Ufaransa na kinanda kidogo kilichofungwa kwenye gari, akiwaimbia askari karibu na mstari wa mbele. Alifika pia Ovillers, kwenye kaburi la mwanawe. Aliporudi akaanzisha mfuko wa kuwasaidia askari wa Kiskoti waliolemaa, lengo pauni milioni moja. Cheo cha Sir alipewa 1919, na alifariki 1950.

Msiba ule ulimwachia wimbo mmoja wa kuhimizana kuendelea na safari hadi mwisho wa barabara. Tangu miaka ya 1950 mashabiki wa Birmingham City, timu ya soka ya Uingereza, wameufanya wao. Nimetazama video yao leo: jukwaa zima limesimama, skafu za bluu hewani, midomo wazi, na mzee mmoja anafuta macho kwa kiganja. Waingereza haohao, na safari hii hakuna anayecheka.