Video ya "mwaka 1904"

Faili lilikuwa na jina la f0482176, basi. Mama mdogo alikuwa amefuta picha kwenye memori kadi yake, nikazirudisha kwa PhotoRec, na programu hiyo huokoa mafaili lakini majina inayatupa. Ndani yake marehemu babu yumo kwenye gari, anaanza kusema "sasa lile shamba la mikorosho…", video inakatika. Ukoo mzima ukataka kujua nani alirekodi.

Nikaifungua kwa MediaInfo, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Tarehe: 1 Januari 1904.

"Enzi za Mjerumani hiyo!" mjomba akacheka.

Kumbe MP4, aina ya faili la video hiyo, huhesabu sekunde kuanzia siku hiyo. Simu isipoandika tarehe inabaki sifuri, na sifuri ndiyo 1904. Ila chini kidogo palikuwa na mstari wa maana: com.android.version 5.1, yaani ilirekodiwa na simu ya Android. iPhone ya shangazi ikatoka kwenye orodha. Kwamba ilitumwa kwa WhatsApp nako nikakutilia shaka, maana WhatsApp huibana video upya na taarifa kama hizo kwa kawaida hupotea.

Tarehe ikabidi niitafute barabarani. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ukibonyeza herufi E, video inasogea picha moja moja. Nje ya dirisha ni Ubungo: mataa, trafiki mwenye sare nyeupe, na basi la mwendokasi limeshona abiria hadi mlangoni. Mwendokasi ulianza kazi Mei 2016. Halafu hakuna uzio wa mabati wala katapila hata moja, na ujenzi wa barabara za juu pale, ambazo leo tunaziita Kijazi, ulizinduliwa Machi 2017. Kati ya hapo babu alikuja Dar safari moja tu, kutibiwa macho, akafikia kwa binamu yetu Kimara.

Nikampigia. "Kaka, kipindi kile ulikuwa na simu gani?"

"Tecno. Kioo kilipasuka, ipo kabatini. Ile video si nilimrushia mama mdogo kwa bluetooth?"

Bluetooth hailigusi faili, ndiyo maana ule mstari ulisalimika. Binamu alikuwa amerekodi vipande viwili, akarusha kimoja. Hicho cha pili babu anataja shamba limegawanywaje, mpaka mti wa mpakani. Wajomba wote wanakitaka sasa, hata yule aliyekuwa anacheka. Nawatumia kama dokumenti, kisibanwe.