Kompyuta ilikuwa ikisema, sisi tukibonyeza F1

Wiki mbili nzima, kila asubuhi mhasibu wetu akiwasha kompyuta yake, skrini ilikuwa ikitoa maandishi meupe juu ya weusi: nguvu za betri ya mfumo zimepungua, bonyeza F1 uendelee. Naye anabonyeza, anaendelea. Siku moja nilikaa kwenye meza yake nikabonyeza F1 hiyohiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma yale maneno mpaka mwisho.

Ofisi yetu iko Moi Avenue, Mombasa, si mbali na Mapembe, na kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Mimi ni karani. Ufundi wa kompyuta sijausomea.

Sasa ikafika Jumatatu, tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi uliopita. Mhasibu akawasha, akabonyeza F1, na ukurasa wa kodi ukakataa kufunguka. Brauza ikaonya kwamba muunganisho si salama. Akajaribu wa benki, vilevile. Barua pepe, vilevile. "Intaneti imekatika," akasema, na ofisi nzima ikaitikia. Tukampigia fundi wetu. Yuko Likoni, bado anangoja feri. Mhasibu akanipa simu mimi kwa kuwa yeye machozi yalikuwa karibu.

Nikamwambia fundi kompyuta imeharibika.

"Mwanangu, usiniambie imeharibika. Nisomee ilichoandika."

Nikamsomea neno kwa neno.

"Na yako wewe, inaufungua ukurasa huo?"

Nikaenda mezani kwangu, nikajaribu. Ukafunguka. Basi intaneti ipo.

"Haya, rudi pale, tazama saa, chini kulia."

Tarehe ilikuwa 1 Januari 2009.

Tovuti kama ya benki au ya kodi huja na cheti cha usalama, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kuwa tuko mwaka 2009 inaona cheti cha juzi ni cha siku ambazo hazijafika, kwa hiyo inakikataa. Na ni haki yake kukataa. Nikarekebisha tarehe na saa kwa mkono, ukurasa ukafunguka papo hapo. PAYE ikaenda kabla ya adhuhuri, na mhasibu akashusha pumzi.

Fundi alipofika alinitaka nikae naye nitazame. Akachomoa waya wa stima, akabonyeza swichi ya kuwasha ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kingine chochote. Betri yenyewe ni duara la fedha, kama sarafu, imeandikwa CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ina volti 3, na kazi yake ni kuitunza saa wakati kompyuta haina umeme. Akanionyesha kibanio cha chuma kinachoishika. Ukikisukuma kwa ukucha, betri inaruka yenyewe. Akaniachia niweke mpya, upande wenye maandishi juu. Kisha tukawasha, tukaingia kwenye mipangilio, tukaweka tarehe, tukahifadhi. Kazi ya dakika kumi.

Nikamuuliza imekwisha kwa nini. Akasema ni umri, na pia sisi huzima soketi ukutani kila jioni. Kompyuta iliyochomekwa penye umeme huitunza saa kwa umeme huo hata ikiwa imezimwa. Ukikata ukutani, kibetri kinabeba usiku kucha peke yake. Hata hivyo sijaacha kuzima ukutani. Stima ikipotea halafu irudi kwa kishindo inaweza kuunguza pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kibetri ni rahisi zaidi kununua.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kompyuta ikisumbua, kabla sijagusa kitu, naandika ilichosema, au napiga picha kwa simu. Halafu nauliza kama ni kwangu pekee au ni kwa wote. Swali hilo limeniokolea masaa mengi. Mwezi uliofuata karani mwenzangu alikosa mtandao, wengine tukiwa nao. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, cmd, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, nikaona anwani yake inaanza na 169.254. Windows hujipa anwani hiyo yenyewe isipopata anwani kutoka kwa ruta, kile kifaa kinachotugawia mtandao. Kwa kuwa wengine wanapata, nikaufuata waya wake nyuma ya meza. Taa ya kijani kwenye tundu haikuwaka. Kile kikucha cha plastiki kwenye kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika, na ufagio wa asubuhi umeuvuta waya nje kidogo, kiasi ambacho ukitazama kwa juu huoni. Nikausukuma, ukalia "tak", taa ikawaka. Jioni tukanunua waya mwingine.

Printa nayo ni foleni tu. Waraka mmoja ukikwama, zote zilizo nyuma yake zinangoja, na kubonyeza kuchapa mara kumi kunaongeza foleni. Naufuta uliokwama. Ukigoma, nasimamisha huduma ya Windows inayosimamia foleni hiyo, iitwayo Print Spooler, nafuta faili zilizomo kwenye folda yake, naiwasha tena.

Kuna nisichogusa. Pawa saplai siifungui hata siku moja, maana hubaki na umeme hatari ndani hata ikiwa imechomolewa. Diski ikianza kugonga-gonga, nazima na kumwita fundi, kwa sababu kila dakika inayozunguka huenda ikaharibu nyaraka za wateja.

Ile ya mhasibu ilinunuliwa pamoja na nyingine tatu, siku moja, duka moja. Mbili nimeshazibadilishia betri kabla hazijalalamika. Ya tatu iko mapokezi, haipumziki mpaka Jumamosi mchana. Betri yake iko kwenye droo yangu, bado ndani ya pakiti.