Tulihamia kwanza kwenye nyumba ya chaki

Kabla hatujanunua hata tofali moja, nilisukuma makochi ukutani, nikapiga magoti na chaki mkononi, nikachora nyumba yetu mpya kwenye sakafu ya sebule ya ile ya zamani. Mita 6 kwa mita 4. Nikaweka kuta, milango, kitanda, jiko na choo, kisha nikawaita mume wangu na binti yetu: "Karibuni nyumbani."

Mume wangu alisimama palipochorwa mlango, akaangaza macho huku na huku. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vinne. Watoto wawili wakubwa walishaondoka, na vyumba vyao vilibaki makazi ya nguo zisizovaliwa na baiskeli yenye pancha. Kodi ilikula karibu nusu ya mapato yetu, na kila mkataba ukiisha inapandishwa. Kiwanja kidogo tulikuwa nacho, ila fedha za kujengea nyumba ya kawaida hatukuwa nazo, na mkopo hatukuutaka. Hesabu hiyo ndiyo iliyotusukuma. Uzuri wa nyumba ndogo haukuwa na kauli hapo. Picha za nyumba hizi nimeziona nyingi, zote zimepigwa kutoka pembeni ili chumba kionekane kipana, na sijaona hata moja yenye beseni la nguo chafu.

Kwa hiyo chaki. Kwa wiki mbili tulikubaliana kuishi ndani ya mstari: tulale humo, tupike humo kwa jiko dogo tulilosogeza, na kila tunachokihitaji kiingie humo. Choo na bafu tu ndivyo tulivyotumia vya kweli. Binti yetu, ana miaka 13, alijipa kazi ya uaskari. "Mama, umepita ukutani!" "Baba, hapo umekaa chooni."

Tulicheka siku mbili. Ya tatu nikaanza kuandika makosa, na mengi hayakuhusu ukubwa hata kidogo. Yalihusu milango. Mlango wa upana wa sentimita 80 ukifunguliwa hufagia nusu mita ya mraba ya sakafu, na hapo huwezi kuweka chochote. Nilikuwa nimechora mitatu. Mita moja na nusu ya mraba ya nyumba yangu ilikuwa imeliwa na milango! Wa bafuni nikaugeuza uwe wa kuteleza, wa nje ufungukie nje, wa tatu nikaufuta, pakawekwa pazia. Halafu njia: sentimita 60 kati ya kitanda na kabati inapitika, lakini kwa ubavu, na mwingine akija lazima mmoja arudi nyuma. Meza ikahamia ukutani, juu ya bawaba, inashushwa wakati wa kula tu.

Siku ya nne tuligombana. Sababu siikumbuki. Nakumbuka mume wangu aliinuka akitafuta pa kwenda kupoza hasira, akakuta hapana. Akavuka mstari bila hata kujali mlango, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Askari wetu safari hii hakusema neno. Usiku ule nilichora baraza: mita 2 mbele ya nyumba nzima, paa limeshuka hadi huko. Baraza halina bomba, halina waya za maana, halina kuta tatu. Ni eneo la bei rahisi kuliko lote tulilojenga, na ndipo tunapoishi zaidi. Mtu akiniomba ushauri mmoja tu, namwambia aanze na baraza kisha nyumba ifuate.

Kitanda cha binti kilikosa nafasi chini, tukampandisha kwenye dari ya kulala, yaani sakafu ndogo ya juu, chini ya paa. Kanuni za mfano za ujenzi zinazotumika Marekani, toleo la 2018, zina kiambatisho cha nyumba ndogo, yaani zisizozidi mita za mraba 37 bila kuhesabu dari hizo. Sisi tulikuwa chini sana ya kipimo chao, lakini niliazima jambo moja kwao: chini ya dari pabaki urefu wa mita 2 na kidogo, mtu asiishi ameinama. Kanuni zinazotubana sisi ni za tunakojenga, na hizo tuliziulizia mapema, kabla ya mchoro kupelekwa kwa fundi. Kuna mahali nyumba ya ukubwa huo hairuhusiwi kabisa.

Kuhusu gharama, fundi alinitoa ushamba mapema. Nilimwambia kwa kuwa nyumba ni robo ya ile tunayohama, basi na gharama ziwe robo. Akatabasamu. "Mama, choo ni kilekile. Shimo ni lilelile. Sinki, tangi, mita ya umeme, vyote vilevile. Ulichopunguza ni vyumba vitupu, na chumba kitupu ndicho rahisi." Ni kweli: kwa kila mita ya mraba tulilipa zaidi ya nyumba ya kawaida. Kwa jumla tulilipa kidogo, tukamaliza bila deni.

Kupunguza vitu siku hizi kumegeuzwa ibada. Sisi kigezo chetu kilikuwa chaki: ambacho hakikuingia ndani ya mstari kwa wiki mbili kina kesi ya kujibu. Sahani zilikuwa 31 kwa watu watatu. Pasi tatu, moja inafanya kazi. Hapo hapakuwa na uchungu. Uchungu ulikuja kwenye sanduku la mbao la marehemu mama yangu, kubwa, zito, lina kutu kwenye kufuli. Halikuwa limeingia ndani ya mstari. Nililizunguka siku nzima na futi mkononi. Kimo chake sentimita 45. Fundi alikuwa anahitaji jukwaa la kuanzia ngazi ya kupandia darini. Basi binti yangu kila usiku hukanyaga sanduku la bibi yake kwenda kulala, na ndani yake mna mashuka yetu yote.

Kosa kubwa tulilifanya kwenye hewa. Nilipunguza dirisha moja ili nipate ukuta wa kabati. Msimu wa baridi ulipoingia, tukifunga madirisha usiku, asubuhi vioo vinatiririka maji, na mwezi wa pili wa msimu huo nikakuta ukungu mweusi nyuma ya kabati, suti ya mume wangu imeota madoa. Nilimlaumu fundi wa paa. Nilimwonea, paa halikuvuja. Maji yalikuwa yetu wenyewe: pumzi za watu watatu, nguo za kuanika ndani, na jiko la gesi. Hili la gesi sikulijua. Kila kilo inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Kwenye nyumba kubwa mvuke huo hupotelea. Kwenye nyumba ya mita za mraba 24 unakwenda kukaa kwenye ukuta ulio baridi.

Tulitoboa lile dirisha upya, likatazamana na la upande wa pili, hewa ikapata pa kuingilia na pa kutokea. Kabati tulilivuta sentimita 5 kutoka ukutani. Juu ya jiko tukaweka feni ya kutoa hewa nje, na hiyo si ya ukungu tu: moto wa gesi ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kidogo hujaa upesi.

Sasa ni mwaka wa pili. Wageni bado wananitoa jasho, wakilala wawili mmoja wetu yuko barazani. Mvua ya siku tatu mfululizo inatufanya tuongee kwa upole wa kulazimisha.

Na niungame jambo. Makatoni manane tuliyoshindwa kuyaamua tuliyapeleka kwa mdogo wangu, "kwa muda tu". Juzi kanipigia: "Dada, nakihitaji chumba." Tulikwenda, tukakaa sakafuni, na kabla ya kufungua nikamwuliza mume wangu anadhani mna nini. Hakukumbuka hata kimoja, nami vivyo hivyo. Katoni la kwanza lilikuwa la mapazia, kumi na mawili, yamekunjwa vizuri, ya madirisha ya nyumba tuliyohama.