Namba ya Dada

Siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha, Juni 2018, dada yangu hakuwa na nguo hata moja ya kukaa nayo ofisini kutwa bila kufungua kifungo chini ya meza. Sketi zake zote zilikuwa namba 12. Alizinunua Dar, kabla ofisi yao haijahamia Dodoma, na kila asubuhi alihangaika kuingia kwenye mojawapo huku ameivuta pumzi.

Jumamosi nikamtoa. Tulianzia duka moja la mjini. Muuzaji alimpima kwa macho, akasema, "Kwa mwili huo labda kumi na nane," kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Dada akaomba 12, zipu ikagoma njiani, tukatoka. Hakusema neno. Mimi hasira zile sijazimaliza mpaka leo. Mwanamke ametoka kuleta mtu duniani, halafu anajiona amefeli kwa ajili ya kilebo kilichoshonewa ndani ya kiuno cha sketi!

Nikamvuta hadi soko la Sabasaba. Upepo wa kipupwe ulikuwa unapuliza vumbi juu ya maturubai, na mama mmoja wa makamo alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo.

"Mbukwenyi," akatupokea kwa salamu ya Kigogo. Tukamwamkia shikamoo. Dada akauliza kama kuna suruali ya 12.

"Kumi na mbili ya wapi, mwanangu? Hizi zimetoka kila nchi."

Akaanza kuchambua lundo. Akatutolea suruali ya Kiingereza ya 16, nyingine ya Marekani ya 12, sketi ya Ujerumani ya 42, gauni la Italia la 48. Akazipanga moja juu ya nyingine: viuno vililingana karibu sawa. Kisha akaleta blauzi ya XXL, na hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Marekani walichapisha viwango vya saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, wakavifuta 1983. Tangu hapo kila kampuni inaandika inavyotaka. Mama yule hakuhitaji kusoma hayo. Alikuwa na mikono yake.

Aliifunga suruali kifungo, akauzungusha mkanda wa kiuno wa suruali hiyo shingoni mwa dada. Ncha mbili zikikutana kisogoni bila kukaba, kiunoni itakaa. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo wazoefu wa mitumba hupima hivyo. Halafu akanipa kanga nimzungushie dada, akaivaa pale pale.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado. "Kaa," akamwonyesha belo ambalo halijafunguliwa. Dada akakaa. "Inakukata tumboni?" Hapana. "Chuchumaa kama unamnyanyua mtoto." Akachuchumaa. Alipofika kwenye gauni, akamwambia anyooshe mkono juu kama aliyeshika bomba la daladala, na hapo kwapa likabana. Gauni lilikuwa zuri kweli, la maua ya bluu, dada akaling'ang'ania. Mama akalichukua, akaligeuza ndani nje, akatuonyesha kwamba mshono wa ubavuni hauna kitambaa cha kuachia. "Ungekuwa na akiba, fundi angekuongezea. Hili litakutesa." Akalirudisha kwenye lundo, na mauzo akayakosa. Muuzaji wa namna hiyo ninamheshimu kuliko duka lenye vioo ukuta mzima.

Tulinunua suruali mbili za pamba na ile sketi, ambayo fundi wa Majengo aliipunguza urefu tu. Jumatatu dada alikwenda kazini na suruali ya 16, akarudi jioni, akapika, akamnyonyesha mtoto na kumwogesha akiwa bado ameivaa. Zile sketi za 12 alimpa wifi yetu wa Kondoa. Sasa akinituma nguo ananiandikia kiuno inchi 36, nyonga 44, kisha anaongeza: iwe pamba, na iwe na mifuko.