Nywele zina kiu, mimea inazama

Baridi ikianza huku ughaibuni, simu yangu hujaa malalamiko ya aina mbili. Moja: "Dada, nywele zinakatika, nikichana naokota chini." Jingine: "Dada, dania yangu imelala, na maji naipa kila siku." Mara nyingi ni watu walewale, kwenye vyumba vilevile vya dirisha moja na hita chini yake. Nami huwajibu hivi: yale maji unayomwaga kwenye chungu, hamishia kichwani.

Chanzo ni hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 0 haishiki zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke. Ikiwa na nyuzijoto 20, inaweza kushika kama gramu 17. Sasa ile hewa ya nje inaingia ndani, hita inaipasha, lakini maji hayajaongezeka. Unyevu wa chumba unaweza kushuka hadi chini ya theluthi moja ya uwezo wa hewa hiyo, nayo huanza kunyonya popote inapokuta maji. Midomo inapasuka, miguu inapauka, nywele zinakuwa kama nyasi za kiangazi.

Nywele za kipilipili huumia mapema kwa sababu ya umbo lake. Mafuta ya asili ya ngozi hushuka kirahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye unywele uliojiviringisha hubaki karibu na mzizi, ncha zikabaki kavu, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba nywele zake hazikui. Zinakua, karibu sentimita moja kwa mwezi, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile.

Dawa tuliyoizoea wengi ni mafuta. Kopo linaisha, kichwa kinang'aa, na nywele zinaendelea kukatika! Jamani, mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyokwishaingia yasitoke. Kwa hiyo maji hutangulia, ikafuata kondishena ya kuacha kichwani, kisha mafuta kidogo juu. Halafu gawa nywele mafungu na usuke mabutu manene zikiwa bado na unyevunyevu. Mimi hufanya hivi jioni ya siku isiyo na zamu, maana nywele nene zikisukwa mbichi hazikauki upesi, na kuzifunika kofia siku nzima zikiwa zimelowa huleta harufu na kuwasha. Katikati ya wiki, chupa ya kupulizia maji inatosha.

Mafuta ya nazi nayapaka kabla ya kuosha, kwa kuwa ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza kuvimba kwake ukilowa. Ya nyonyo ni mazito. Yanafaa kwa ncha, si kwa kumwagia kichwa kizima. Vipodozi vyenye glycerini nyingi navipunguza miezi ya hita. Glycerini hukamata maji ya hewani, na hewa yenyewe ndiyo hiyo tumeshaijadili. Kofia ya sufu nayo ishonee bitana ya satini, maana sufu husugua nywele za mbele na za kisogoni mpaka zinakwisha, halafu lawama zote anabebeshwa msusi.

Kuna adui wa pili, na huyu anasumbua kichwa na chungu kwa pamoja. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe, maji ya bomba lako yana kalisi na magnesi nyingi. Ukoko huohuo hujitokeza juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Kwenye nywele huuoni, unausikia kwa vidole: nywele zinakwaruza, shampuu haitoi povu, kondishena inateleza juu kwa juu. Shampuu ya kuondoa madini, mara moja kwa mwezi hivi, hubadilisha mambo. Wengine husuuza kwa kijiko cha siki kwenye lita ya maji. Mimea wekea maji ya mvua kama una kibaraza cha kutegea ndoo.

Sasa kuhusu hiyo dania iliyolala. Mmea hutumia maji kulingana na mwanga, na mwanga wa majira haya ni haba. Ukiishi kwenye latitudo ya 50 au zaidi kaskazini, mchana wa mwishoni mwa Desemba una urefu wa kama saa 8 au pungufu, tena mara nyingi wenye mawingu. Mmea umepunguza kazi, wewe hujapunguza kumwagilia. Udongo unabaki tope, mizizi inakosa hewa na kuoza, na mizizi iliyooza hainywi. Majani yanalegea kana kwamba yana kiu, mwenye chungu anaona huruma, anaongeza kikombe kingine. Vile vijidudu vidogo vyeusi vinavyoruka juu ya chungu ni dalili kwamba udongo haukauki kamwe.

Zamisha kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kikitoka na udongo umekishikilia, acha. Au inua chungu. Ukishazoea uzito wake, mkono utakuambia kabla ya kidole. Kisogeze karibu kabisa na kioo cha dirisha, ikiwezekana linalotazama kusini, lakini kisikalie hita. Meza iliyo katikati ya chumba inaonekana ina mwanga kwa sababu macho yetu hujirekebisha. Mmea hauna macho ya kuudanganya. Vitunguu vya majani na nanaa havina makuu. Pilipili na nyanya subirini jua lirudi, au nunueni taa ya mimea, vinginevyo mtakuza vijiti.

Alovera ndiyo inayonifaa pande zote mbili. Kwenye baridi naimwagilia kwa nadra sana, nayo hainuni. Nachukua jani la nje, lililo chini, nalikata karibu na shina. Kisha nalisimamisha kwenye glasi, kidonda kikitazama chini, mpaka ule utomvu wa njano uishe kuchuruzika. Usiiruke hatua hii, utomvu ule huwasha ngozi na si wa kunywa. Naosha jani, namenya, nasaga ule ute, nauchuja kwa kitambaa chepesi. Ukiacha kuchuja utashinda unachomoa chembe nyeupe kichwani, na kila atakayekuona atadhani ni mba.

Maji ya kuoshea mchele, yanayosifiwa sana kwa nywele, mimi huipa dania, tena kidogo. Nywele zangu hayajawahi kuzifanyia lolote la kusimulia.

Ute wa alovera hauna kihifadhi, kwa hiyo hata kwenye friji unaharibika ndani ya siku chache. Gandisha uliobaki kwenye trei ya barafu, kisha usiku wa kuamkia siku ya kuosha hamishia vipande viwili vitatu kwenye bakuli ndani ya friji.