Udongo wa Mogao

Kutoka Lanzhou nilikaa kitako usiku kucha kwenye behewa la viti vigumu, nikashuka Dunhuang, mji wa jangwani kaskazini magharibi mwa China, miguu imevimba. Tiketi yangu ya mapango ya Mogao, mahekalu ya Kibudha yaliyochimbwa kwenye mwamba, ilizidi yuan 200, na kwa pesa hiyo nilionyeshwa mapango manane tu kati ya 492 yenye michoro na sanamu. Picha marufuku. Ndani ni giza. Unaona kile tu ambacho mwongozaji ameamua kukimulika kwa tochi.

Saba sina la kusema. Pango namba 328 ndilo lililonishika.

Budha ameketi katikati. Kushoto na kulia kwake wamesimama wanafunzi wake wawili, sanamu za enzi ya Tang (618–907). Ananda bado kijana, kaegemeza kiuno upande mmoja, mikono kaificha mikononi mwa joho kama mtu anayesubiri daladala asubuhi ya baridi. Kashyapa ni mzee; kakunja uso, viganja kaviunganisha, mifupa ya shingo imemtoka. Pembeni pana nafasi tupu: sanamu ya bodhisatva, mtakatifu wa Kibudha, iliyopiga magoti hapo ilichukuliwa na Mmarekani Langdon Warner, mtaalamu wa sanaa, mwaka 1924, sasa iko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Nikauliza mbona jiwe limechongwa laini hivyo. Mwongozaji akacheka. Si jiwe. Mwamba wa hapa ni kokoto zilizoshikana, ukiuchonga unamomonyoka. Kwa hiyo walisimamisha mti, wakaufunga matete, wakakandika udongo wenye majani makavu, juu yake udongo laini, mwisho rangi.

"Hivyo ndivyo bibi yangu alivyojenga nyumba," nikamwambia kwa Kichina changu cha kuungaunga. Miti, fito, udongo uliokanyagwa na majani. Korogwe wanawake walikuja na ndoo za maji tangu alfajiri, na ukutani zilibaki alama za vidole vyao. Vya bibi nilivijua, kimoja kilikuwa kifupi.

Hakuniamini. Nikamchorea kwenye mgongo wa tiketi. Kundi zima likatusubiri, mzee mmoja akakohoa kwa makusudi, lakini yeye akarudisha tochi kwa Kashyapa, akaishusha taratibu kwenye mikunjo ya joho.

"Hiyo nyumba ina miaka mingapi?"

Nikamwambia iliondoka na mvua za El Nino, 1998.

"Hapa mvua hakuna," akasema, akazima tochi.