Picha ya kabla ndo kila kitu

Watu wakijua nasoma matetemeko swali lao la kwanza ni "lingine linakuja lini?" na mi jibu sina, na mpaka leo hamna mtu anayeweza kukutajia siku na saa. Afu nikiwaambia sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuangalia picha za ardhi iliyotulia tuli, wanashangaa zaidi.

Iko hivi. Setilaiti ya rada inarusha mawimbi chini na kupokea yale yanayorudi, ikipita tena palepale unalinganisha mara ya kwanza na ya pili, kama ardhi imesogea hata sentimita chache mawimbi hayalingani, na tofauti hiyo tunaichora kwa rangi. Kwa Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, mzunguko mmoja wa rangi ni ardhi kusogea kama sentimita 2.8, na yenyewe iko juu karibu kilomita 700! Bado huwa nasisimka. Ila mvuke wa maji hewani nao unachelewesha mawimbi, unaweza ukadhani mlima umevimba kumbe ni unyevu tu, kwa hiyo usiamini picha moja haraka haraka.

Sasa kuna ndege. NASA wana rada inaitwa UAVSAR, inafungwa chini ya tumbo la ndege ya jeti, Gulfstream III, na ili kazi ikubali ndege lazima irudie njia yake ileile ndani ya bomba la kufikirika lenye upana wa mita 10, huko juu kilomita 12 na ushee, yaani mtambo maalumu ndo unaishikilia maana mkono wa rubani peke yake hautoshi. Uzuri wa ndege unaielekeza kufuata ufa ulivyolala, yaani ule mpasuko wa miamba ardhini unaoteleza tetemeko likipiga, setilaiti haipindi njia kwa ajili yako.

Oktoba 2009 ndege hiyo ilipita California karibu na mpaka wa Mexico, picha ya kawaida kabisa. Tarehe 4 Aprili 2010 likapiga tetemeko la ukubwa wa 7.2 upande wa Mexico, kwenye jimbo la Baja California, siku chache baadaye ndege ikarudi. Ukizilinganisha hizo mbili rangi zinazidi kubanana kadiri unavyoukaribia mpaka, yaani huko ardhi ilisogea zaidi, ila mi jicho langu linaenda kwenye vitu vidogo: unafuata mstari wa rangi taratibu, ghafla umekatika kama uzi na kuendelea pembeni kidogo, na hapo ndo unajua kuna ufa mwingine mdogo nao umeteleza, ulishtuliwa na lile kubwa. Bila ile ya Oktoba usingeona chochote.

Ndo maana huniuma sana nikisikia kurusha ndege juu ya ufa usiotikisika ni kupoteza mafuta. Leo nimeshinda na picha ya eneo ambalo halijasogea popote, nimeikagua kona zote, nimeandika tarehe, nimeihifadhi.